Fyekeo, ng'ombe au kibiriti: uchague nini kuzuia moto pembezoni mwa misitu ya Nairobi, na ufanye nini ukishapita

Moto wa msituni hapa Nairobi na viunga vyake kwa kawaida hauanzii mitini. Huanzia kwenye nyasi za ukingoni: nyuma ya ua wa jirani anayechoma taka, kando ya barabara sigara inapotupwa, chini ya mzinga uliorinwa kwa mwenge, kwenye makaa ya nyama choma yaliyofukiwa juujuu tu. Kutoka kwenye nyasi hupanda hadi kwenye lantana, kichaka vamizi cha kigeni, na lantana ndiyo ngazi inayoufikisha matawini. Kwa hiyo swali la miti ya kupanda, ambalo hula muda wote wa vikao, ni la pili. La kwanza ni nyasi za ukingoni: ziondolewe vipi, na nani, kabla ya Januari na tena kabla ya Septemba.

Hapo pana kosa la hesabu linalorudiwa kila mara. Watu hudhani mwaka wa ukame ndio mwaka wa moto. Ndani ya msitu uliofunga ni kweli, kwa sababu kivuli na unyevu ndivyo vinavyoulinda, na ukame huviondoa vyote viwili. Kwenye nyanda za nyasi mambo ni kinyume. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo Afrika Mashariki, na kwenye nyanda nyingi kavu mifugo ilimaliza hata mabua. Pasipo na nyasi, moto utakula nini? Kisha yakaja mafuriko ya Oktoba hadi Desemba 2023, na tena ya Machi hadi Mei 2024. Mvua za namna hiyo hukuza nyasi hadi kiunoni, na kiangazi kinachofuata ndicho cha kuogopwa. Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha kuyumba huku, mvua chache mno kisha nyingi mno. Bajeti ya kufyeka basi ifuate mvua iliyokwisha kunyesha, si habari za ukame za mwaka uliopita.

Kwanza, una ardhi ya aina gani?

Msitu wa asili uliofunga, kama ulivyo katika sehemu za Karura, Ngong Road na Oloolua, ni msitu wa mihugu, mikinduri na mirarachi. Haukujengwa na moto wala hauhitaji moto. Ukiungua mara moja hufunguka, lantana huingia, na mwaka wa pili huungua kwa urahisi zaidi. Nyanda za nyasi, kama zile za Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, Athi na migongo ya Ngong, ni kitu kingine: nyasi zake nyingi, Themeda ikiwemo, hudhoofika zikiachwa miaka mingi bila kuliwa, kukatwa wala kuungua. Majani makavu hurundikana na kuzuia mwanga usifike kwenye shina. Shamba la miti ya kupandwa, mikaratusi au misaipresi, liko kivyake, na tutalifikia.

Karibu ugomvi wote kuhusu moto hutokana na kuchanganya ardhi hizi. Kuna wanaokuja na mfano wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, ambako mradi ulioanza 2006 unachoma nyika mapema kila mwaka kwa ujuzi wa wenyeji wa asili na kupunguza mioto mikubwa ya mwisho wa kiangazi. Mfano mzuri, lakini ile ni savana. Ukiuleta Karura umeleta dawa ya mgonjwa mwingine. Na kuna wanaotaka kila moto uzimwe kila mahali, kama Marekani ilivyoamua mwaka 1935: kila moto wa msituni uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kwenye misitu ya magharibi mwa nchi ile, iliyozoea mioto midogo ya mara kwa mara, uamuzi huo ulirundika kuni za miongo kadhaa.

Pima kabla ya kuchagua

Tengeneza fremu ya fito, mita 1 kwa mita 1. Tembea ukingoni, kila baada ya hatua 50 iweke pale mguu ulipoangukia, usichague. Kata nyasi zote zilizomo hadi ardhini, zianike mpaka zivunjike ukizikunja, kisha pima kwa mizani ya jikoni. Fanya hivyo mahali 10, upate wastani. Gramu 100 kwa fremu ni sawa na tani 1 kwa hekta. Gramu 400 ni tani 4.

Chini ya tani 1 moto husuasua na mtu mwenye tawi bichi anauweza. Tani 4 ni kiwango ambacho wasimamizi wa savana Afrika Kusini hukitumia kuamua kwamba nyasi zimezeeka vya kutosha kuchomwa kwa mpango. Ukingoni mwa msitu lengo ni kubaki chini ya tani 1 wakati wote wa kiangazi. Ukishajua tarakimu hiyo, njia nne zilizopo zinalinganishika.

| | Kufyeka na kubeba | Kulima ukanda mtupu | Kuchunga | Kuchoma mapema |
|---|---|---|---|---|
| Mahali pake | Kingo za mjini, karibu na nyumba | Tambarare, kando ya uzio | Nyanda za nyasi zenye maji karibu | Savana pana, mbali na nyumba |
| Hudumu | Wiki 6 hadi 8 mvua ikirudi | Msimu mmoja | Kadiri mifugo ilivyopo | Msimu mmoja au miwili |
| Huharibika vipi | Nyasi zikiachwa zimelala | Mmomonyoko kwenye mteremko | Ng'ombe hukataa mabua yaliyokomaa | Moto kuruka ukanda |
| Kibali | Ndiyo, ndani ya msitu wa umma | Ndiyo | Ndiyo, na ada ya kila mwezi | Lazima, na wasimamizi wawepo |

Kufyeka na kubeba

Kwa mtu aliye ndani ya jiji au Kiambu, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza, na sababu ni ng'ombe wa maziwa. Ukanda wa kilomita 1 kwa upana wa mita 10 ni hekta 1 kamili. Ukiwa na tani 4, hapo pana kilo 4,000 za nyasi kavu. Kwa sanduku la mbao la kufungia nyasi, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, robota moja hutoka na takriban kilo 20: marobota 200 hivi. Mfugaji wa Kikuyu au Limuru anayanunua. Kuni za moto zimegeuka maziwa, na mara nyingine gharama ya vibarua imejirudisha yenyewe. Kikundi cha jamii cha msitu kikiwa na mkataba wa usimamizi na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), kuvuna nyasi kunaweza kuingizwa humo moja kwa moja.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kufyeka na kuondoka. Nyasi zilizolala chini zinakauka kuliko zilizosimama, na moto hutambaa ndani yake kimyakimya hadi upande wa pili. Umetengeneza utambi, si kinga. Ikiwa hakuna wa kuzibeba, zikusanye kwa reki upande wa nje wa ukanda, kamwe si upande wa msitu. La pili ni kufyeka mara moja mwezi Novemba. Mvua za vuli zinazirudisha. Fyeka nyasi zinapotoa maua, maana hapo bado zina lishe na zinauzika, kisha rudia wiki ya kwanza au ya pili ya Januari, hata kama safari hii hazina mnunuzi.

Kulima ukanda

Udongo mtupu hauungui, ndiyo sifa yake yote. Kwa kawaida hulimwa mita 2 au 3 katikati ya ukanda mpana uliofyekwa, ili moto uliodhoofika ufike mahali usipo na cha kushika. Kanuni ya kukadiria ni upana wa mara 2 hadi 3 ya urefu wa mimea inayoungua, lakini mita 10 kwa jumla ni bora kwa sababu nyingine: gari la maji lipite na watu wasimame bila kuungua nyusi.

Usilime ukanda kukata katikati ya mteremko wa Ngong. Kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kwa hiyo utaufikia ukanda wako ukiwa na nguvu zake zote. Mahali pa ukanda ni mgongoni, juu kabisa, ambapo moto hupoteza mteremko na kupunguza mwendo. Na upepo? Serikali imejenga mitambo ya umeme wa upepo juu ya vilima vile. Hilo ni jibu tosha. Kwenye miteremko mikali zaidi acha jembe kabisa, fupisha nyasi tu, la sivyo Aprili utakuwa na korongo pale ulipokuwa na ukanda.

Tena, hakuna ukanda wa mita 10 unaozuia cheche za mkaratusi. Magome yake marefu yanayoning'inia hushika moto, hupaa na kutua mamia ya mita mbele. Penye mikaratusi ukingoni, kusanya magome yaliyoanguka kabla hujafikiria jembe.

Kuchunga

Hesabu ni rahisi. Ng'ombe wa kilo 250 hula kilo 6 hivi za nyasi kavu kwa siku. Kupunguza hekta 1 kutoka tani 4 hadi tani 1 kunahitaji ziliwe kilo 3,000, yaani siku 500 za ng'ombe mmoja, au ng'ombe 17 kwa mwezi. Kwa ukanda wa kilomita 3 wenye upana wa mita 20, ambao ni hekta 6, unahitaji ng'ombe wapatao 100 kwa mwezi. Ukiwa na 20, usijidanganye kwamba umechunga.

Ng'ombe pia ana maoni yake. Hataki mabua yaliyokomaa. Ataruka ukanda wako na kwenda kula majani laini bondeni. Anza mapema nyasi zikiwa kijani, weka mchungaji anayejua mipaka, na weka chumvi ya mifugo ndani ya ukanda wenyewe, maji yakiwa upande mwingine, ili wapite pale mara kwa mara. Mbuzi waache nje: watamaliza miche kabla ya nyasi.

Lantana haitaisha kwa kuchunga. Ni sumu kwa ng'ombe, huharibu ini na ngozi hubabuka kwenye jua, na mnyama mwenye njaa ya kiangazi ndiye anayekosea akaila. Kuifyeka juu ni kuikaribisha ichipue vizuri zaidi. Inayofanya kazi ni jembe jembamba: fukua pembeni ya shina, kata mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa udongo, ng'oa kichaka na ukigeuze mizizi ikitazama juu ili isishike tena. Kisha pita kwa miaka miwili chini ya kila mti ambao ndege hutua, kwa kuwa ndege hudondosha mbegu hapo, na ung'oe miche kwa mkono ikiwa bado laini.

Kuchoma

Ndani ya jiji, usichome. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila idhini, moshi utaingia madarasani na wodini, na nyumba ziko mita chache tu. Ulinganisho huu unahusu savana pana, ambapo KFS au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wapo uwanjani, si kwa barua tu.

Palipo na idhini, choma mapema. Nyasi zikiwa nusu kijani chini na kavu juu, moto huacha viraka, huokoa mashina na hulala umande ukishuka. Zile zile zikichomwa mwishoni mwa Februari huungua hadi mizizi. Nairobi ina vipindi viwili finyu vya namna hii: mwanzoni mwa Januari, na Juni hadi Julai. Vinazidi kuwa finyu, kwa maana mvua za vuli huchelewa kuisha au huisha ghafla. Utabiri wa wiki kutoka Idara ya Hali ya Hewa, Dagoretti Corner, ndio uamue siku, si kalenda ya mwaka jana.

Masharti ya siku yenyewe: upepo wa kilomita 5 hadi 15 kwa saa unaovuma upande mmoja. Upepo sifuri si mzuri, kwa sababu hujui utaamkia upande gani. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 30, rudini nyumbani. Anza saa kumi alasiri, joto likishuka na upepo ukilegea. Choma kwanza kipande cha mita 2 kwa 2 na utazame: ndimi zikizidi mita 1.2, kazi ya mkono haitaumudu, ahirisha.

Ukiridhika, washa upande ambao upepo unaelekea, si unakotoka, ili moto urudi taratibu ukipinga upepo. Uache ule ukanda mweusi wa mita 10 hivi. Baada ya hapo ndipo unaweza kuwasha upande wa pili ufuate upepo na kugongana na weusi. Kila mita 50 pawe na watu wawili, mmoja na pampu ya mgongoni ya lita 20, mwingine na kipigio: kipande cha mpira wa mkanda wa mashine, sentimita 30 kwa 40, kilichofungwa kwenye mpini wa mita 2. Wageni hupiga moto kwa kuinua mikono juu kama wanaopura maharagwe, na kila pigo hupeperusha cheche. Shusha mpira juu ya ndimi, ubonyeze, uhesabu mbili, uuvute kuelekea upande ulioungua. Polepole ndiyo haraka hapa.

Kisha kazi ambayo hakuna anayeipenda. Kesho yake alfajiri, moshi ukionekana vizuri kwenye hewa baridi, tembea ukingo wote. Weka mgongo wa kiganja karibu na kila kisiki bila kukigusa. Kisiki cha mkaratusi kinaweza kuungua chini ya ardhi siku kadhaa na kuibuka upande wa pili wa ukanda. Kichimbe, mimina maji, koroga na udongo mpaka uweze kuingiza mkono.

Baada ya moto: upande au usubiri?

Moto ukipita, wiki ile ile wafadhili hutokea na lori la miche. Wapokee kwa chai, lori lisubiri. Chukua kisu, kwaruza gome la kila mti ulioungua usawa wa kifua na usawa wa goti. Chini ya gome kukiwa na unyevu na weupe au ukijani, mti uko hai. Kukiwa na ukahawia mkavu pande zote, umekufa. Misaipresi na misonobari ya mashambani yenye magome membamba mara nyingi hufa. Mikaratusi huchipua. Miti mingi ya asili huchipua shinani, na hiyo ina mizizi mikubwa tayari, kwa hiyo itakupita mche wowote wa kitalu kwa miaka kadhaa ya mwanzo.

Subiri mvua moja ipite, ndipo uhesabu. Chukua kamba ya mita 1.7, funga kwenye kigingi, zungusha: umepata duara la mita 9 za mraba, eneo la mti mmoja katika nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miti 1,111 kwa hekta. Fanya maduara 20. Kwa kipimo chetu, maduara 14 au zaidi yakiwa na angalau chipukizi moja la mti wa asili, usinunue mche hata mmoja. Pesa ziende kwenye kung'oa lantana na kufyeka nyasi zinazokaba machipukizi. Yakiwa kati ya 6 na 13, panda kwenye mapengo tu. Chini ya 6, hapo sasa lori liingie.

Mahali pamoja pa kukataa lori moja kwa moja ni nyanda za nyasi zilizoungua. Hazikupoteza miti, hazikuwa nayo. Lengo la taifa la miti bilioni 15 kufikia 2032 limewapa watu haraka ya kujaza kila palipo wazi, lakini mikaratusi juu ya Themeda ni kuongeza kuni juu ya kuni. Juni 2017, Pedrógão Grande huko Ureno, moto katika eneo la mikaratusi na misonobari uliua watu 66, wengi wao wakiwa barabarani, ndani ya magari au karibu nayo.

Ukipanda, panda hivi. Subiri maji ya mvua yafike kina cha sentimita 30 udongoni. Kidole hakitafika huko, pima kwa fimbo. Shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukae kando na urudi wa kwanza. Mche uwe na urefu wa sentimita 30 hadi 45, uliozoeshwa jua kitaluni. Karatasi ya plastiki ikatwe na kutolewa yote: mche ukifa mwaka wa pili bila sababu, ung'oe utazame, mara nyingi mizizi imejizungusha kama kamba ndani ya karatasi ile. Ukingoni kabisa weka mukinduri, unaokua upesi na kuweka kivuli kinachofukuza nyasi. Muhugu na muiri viende ndani, vinataka subira na ulinzi.

Matandazo ndiyo yanayotatanisha. Nyasi kavu kuzunguka mche huhifadhi unyevu, na ni kuni hizo hizo ulizotumia Januari nzima kuziondoa. Maafikiano yanayofaa: duara la sentimita 50 tu, lisiguse shina, na kati ya mche na mche pafyekwe hadi sentimita 10 kabla ya kila kiangazi. Kwenye mistari miwili ya mwisho karibu na uzio, tumia mawe badala ya nyasi. Machipukizi ya mkaratusi katikati ya miche yavunjwe kwa mkono kila miezi miwili, yakiwa bado yanang'oka kwa kiganja; ukichelewa hadi miezi sita utahitaji shoka.